Duara, Sehemu ya Pili

Mtaani yeye walimwita Fundi na mumewe walimwita Mwalimu, na kwa miaka kumi na tisa ya ndoa yao hata ndani ya nyumba waliitana hivyo hivyo. Fundi alishona sketi na sare za shule kwa cherehani ya miguu aliyoiweka karibu na dirisha la chumba cha mbele. Mwalimu alifundisha hisabati na sayansi katika shule ya sekondari, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye chaki vidoleni hata siku za likizo, kwa sababu alikuwa na kazi ya pili ambayo hakuna aliyemtuma.

Kazi hiyo ilianza na msichana mmoja wa darasa lake aliyevunjika mguu, akakaa nyumbani muhula mzima. Mwalimu alipigilia ubao ukutani, juu ya meza ya kukatia vitambaa, akampa mkewe simu na kumwomba amrekodi akifundisha somo ambalo msichana alikuwa amelikosa. Msichana akalituma kwa wenzake, wenzake nao wakalituma kwa watu wasiowajua. Mwalimu akaona basi, potelea mbali, ayaweke masomo mtandaoni kila mtu ayaone bure. Katika miaka sita alifikisha masomo mia tatu na kumi na mawili, na yote aliyaanza kwa neno moja: "Sasa."

Na yote yalirekodiwa na Fundi. Alipanda kigodani, akavibana viwiko mbavuni ili simu isitikisike, akajifunza kupumua kwa pua. Shule yeye aliiacha kabla hajaonja sekondari, na alipenda kusema kwamba milinganyo ya mumewe ilimpita kama mvua juu ya bati, inapiga kelele lakini haiingii ndani. Kila walipomaliza, walikaa pamoja kulitazama somo kabla ya kulitoa.

"Umeelewa?" Mwalimu alikuwa akiuliza.

"Nimeelewa."

"Mwongo wewe."

Kisha analitoa.

Kiharusi kilimkuta Jumanne, kipindi cha pili, mbele ya darasa. Wanafunzi walisema baadaye kwamba chaki ilimdondoka, naye akaiangalia pale chini kwa muda mrefu kana kwamba anaingoja ijiokote. Wa mbele walicheka kidogo. Halafu akaanguka. Mkuu wa shule alipompigia Fundi simu, Fundi alikuwa katikati ya kushona kola. Alisikiliza, akasema anakuja, akaweka simu chini. Akakanyaga cherehani mpaka mshono ukafika mwisho, akakata uzi, akaikunja ile sare, ndipo akainuka kutafuta viatu.

Kwa nini aliumaliza ule mshono? Alijiuliza swali hilo mara nyingi wakati wa wiki tatu za hospitali, akiwa kwenye benchi la korido lililonuka dawa ya kusafishia. Kilichomshangaza ni kwamba swali lenyewe halikumuuma. Alilitazama kama mtu anavyotazama sufuria ya jirani iliyotoboka.

Mwalimu alirudi nyumbani akiwa hai, na watu wote walisema hilo ndilo la kushukuru. Upande wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi kuanzia shavu hadi kisigino. Maneno yalikuwa yameondoka yote isipokuwa lile la kuanzia somo. Akitaka maji alisema "sasa". Akiumwa mgongo, "sasa". Mlango ukigongwa, "sasa". Daktari alieleza kwamba inatokea hivyo, neno moja linabaki limeng'ang'ania wakati mengine yamekwenda, na kwamba kichwani mwake huenda mambo mengi bado yapo. Fundi aliitikia kwa kichwa. Akauliza amgeuze kila baada ya saa ngapi.

Kitanda akakiweka chumba cha mbele, kati ya cherehani na meza ya kukatia, ili aweze kushona huku anamwona. Alimgeuza kila baada ya saa mbili. Alimlisha uji kwa kijiko, akamfuta kidevu, akamnyoosha vidole kimoja kimoja kama alivyoelekezwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole aliyekuja kila Alhamisi. Katikati ya hayo alishona. Waliokuja kumpa pole aliwajibu kwamba wanaendelea vizuri, akawakaribisha chai, akaendelea kutia vifungo. Wakitoka nje walinong'onezana kwamba huyu mama ana moyo wa chuma. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hawa waliona hata kanda lenyewe halipo.

Hakulia. Si kwamba alijizuia. Alikuwa tayari kulia, hata alishawahi kukaa kitandani na khanga mkononi akingoja machozi kama mtu anayengoja gari kituoni, lakini hayakuja, akainuka kwenda kufua. Binti yao, aliyekuwa chuoni mbali akisomea uuguzi, alipiga simu kila jioni. Fundi alimsomea orodha: amekula nusu bakuli, choo amepata, kidonda cha mgongoni hakuna.

"Na wewe, mama?"

"Mimi nipo."

Binti akasema atapiga tena kesho.

Alhamisi moja mtaalamu wa viungo aliuliza kama mgonjwa ana kitu alichokuwa akikipenda, muziki labda, au mpira, cha kuuamsha ubongo. Fundi alimwonyesha yale masomo. Kijana alifurahi, kumbe naye aliwahi kuyatumia alipokuwa akijiandaa na mtihani. Akashauri Mwalimu awekewe moja kila siku. Fundi akaiegemeza simu kwenye debe la vifungo, akabonyeza. Mwalimu mzima, mwenye sauti na mikono miwili, akasema "Sasa" na kuanza kueleza sehemu zenye namba tofauti za chini. Mwalimu wa kitandani alimtazama yule mwenzake kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni msiyejuana naye. Somo lilipokwisha aligeuzia macho dirishani.

Hivyo ndivyo alivyowakuta wifi yake, dada wa Mwalimu, mwanamke wa maneno machache na makali. Alisimama mlangoni, kikapu mkononi, akaisikia sauti ya kaka yake ikitoka kwenye simu, na uso ukambadilika.

"Wifi, huyu hajafa," alisema. "Mbona mnamsikiliza kama marehemu?"

Fundi akamweleza habari ya mtaalamu. Wifi hakutaka kusikia. Alisema ni aibu mtu aliyeshindwa hata kuomba maji aachwe mtandaoni akitamba mbele ya dunia, watu wanacheka, yafutwe yote. Fundi hakubishana. Aliinamia kitanda akamuuliza mwenyewe.

"Mwalimu, tuyafute?"

"Sasa."

"Tuyaache?"

"Sasa."

Wifi aliweka kikapu chini, akaondoka bila kunywa chai. Fundi hakuyafuta. Baadaye watu walimsifu kwa hilo kana kwamba alikuwa ameipigania kazi ya mumewe, lakini ukweli ni kwamba kufuta masomo mia tatu na kumi na mawili ilikuwa kazi, na yeye hakuwa na nafasi ya kazi nyingine.

Hata hivyo, kwa kupekua jinsi ya kufuta, alikuwa amefika mahali ambapo hakuwa amewahi kufika: penye maoni ya watazamaji. Yalikuwa mengi. Kazi ya kuyajibu alikuwa akiifanya Mwalimu mwenyewe asubuhi kabla ya kwenda shule, akimjibu mmoja baada ya mwingine. Sasa yalikuwa yamelundikana kwa miezi minne, na chini ya somo la mwisho karibu yote yaliuliza jambo moja. Sehemu ya pili iko wapi?

Somo hilo liliitwa "Duara, sehemu ya kwanza". Mwalimu alikuwa amefundisha mzingo, yaani urefu wa kulizunguka duara, na mwishoni akaahidi kwamba siku mbili zijazo angeonyesha eneo la duara linatoka wapi, na kwamba hataki mtu akariri. Siku mbili zijazo zilikuwa Jumanne ile.

Kati ya waliouliza alikuwamo mwanamke aliyejiita Mama wa Wawili. Alikuwa ameacha shule kwa sababu ya uzazi na sasa alijisomea nyumbani ili afanye mtihani. Aliandika kila wiki bila kukosa. Mara ya mwisho aliandika: "Mwalimu, fomula naijua, lakini ulituambia tusikariri. Nasubiri."

Fundi alilisoma neno hilo, akaweka simu mfukoni, akarudi kwenye pindo la sketi. Huruma hakuisikia. Lakini fundi wa nguo ana ugonjwa wake: hawezi kulala vizuri akijua kuna kitambaa alichokipokea, kikakatwa, na kikaachwa mezani bila kushonwa. Mwenye kitambaa akikaa kimya ndiyo mbaya zaidi. Na huyu mwanamke alikuwa amekaa mlangoni miezi minne.

Alitafuta daftari la Mwalimu la maandalizi. Ukurasa wa somo lile haukuwa na maelezo, bali mchoro tu: duara lililokatwa vipande kama keki, mshale, halafu safu ya vipande hivyo vimepangwa kimoja juu kimoja chini, kama meno ya mamba yaliyokutana. Aliliacha daftari wazi kando ya cherehani siku mbili, akishona na kuliangalia, akishona na kuliangalia.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, alichukua mabaki ya kitambaa cha sare na kukata mraba wa sentimita ishirini na nane kila upande. Akashikiza ncha ya futi yake ya kupimia katikati kwa pini, akaizungusha na chaki kwenye sentimita kumi na nne, kama afanyavyo kwa sketi za mviringo, akapata duara lililogusa kingo zote nne. Akalikata. Kisha akaligawa vipande kumi na sita na kuvipanga juu ya sinia, kimoja ncha juu, kimoja ncha chini. Vilipobanana vikawa kitu kama mstatili wenye kingo za mawimbi. Kimo chake kilikuwa sentimita kumi na nne, hilo halikuwa na ubishi. Urefu wake? Mzingo wote wa duara, akaona, na mzingo alijua kuutafuta, maana kiuno cha sketi ya mviringo hakitafutwi kwa njia nyingine: themanini na nane. Akazidisha kwa kumi na nne. Elfu moja mia mbili thelathini na mbili.

Akaifunga simu kwenye rafu kwa mpira wa kushonea, ikiangalia chini, mikono yake tu ionekane. Akabonyeza.

"Hamjambo," alisema. "Mwalimu anaumwa. Mimi ni mke wake, ninashona. Hii ni sehemu ya pili."

Alieleza kwa dakika tisa kwa sauti ya mtu anayeita majina ya darasa. Alipomaliza, mikono yake ilifanya ilichozoea: ikaichukua simu, ikaiegemeza kwenye debe la vifungo mbele ya Mwalimu. Haikuwa imewahi kutokea somo likatoka bila yeye kuliona.

Mwalimu alitazama. Mara ya kwanza tangu hospitali, aliinamisha kichwa kidogo upande, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari. Dakika ya saba akainua mkono wa kushoto.

"Sasa."

Fundi akamletea maji. Akakisukuma kikombe. Akamgeuza ubavu, haikuwa hivyo. Akamfungulia dirisha, haikuwa hivyo. Mkono ulikuwa unaelekea kwenye meza ya kukatia, kwenye sinia lenye vipande. Akamletea, akamwekea mapajani. Mwalimu akaweka kidole kwenye kipande chenye ncha chini, akakivuta taratibu kikatoka kwenye safu. Akaruka cha pili, akakivuta cha tatu. Ilimchukua muda mrefu, mpaka vipande vinane vikawa vimetoka na vinane vimebaki, safu imebaki na mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka sita.

"Umeniharibia," alisema Fundi. Hakusema kwa hasira. Alichukua sinia akaliweka pembeni, akarudi kazini.

Kazi ya mchana ule ilikuwa mifuko ya sare, na mfuko unaanza na mraba. Alikuwa anakata mraba wa nne aliposimamisha mkasi. Ule mraba alioutolea duara ulikuwa na ishirini na nane kwa ishirini na nane. Akazidisha pembezoni mwa karatasi ya vipimo: mia saba themanini na nne. Akaangalia. Alikuwa amechukua kitambaa cha mia saba themanini na nne, akakipunguza pembe zote nne, akabaki na elfu moja mia mbili na zaidi. Mkasi wake, miaka yote ile, haukuwahi kuongeza kitambaa.

Alirudi kwenye sinia. Vinane vilivyobaki, kingo zao za mviringo zilikaa chini. Vinane vilivyotolewa, kingo zao zilikuwa zimekaa juu. Mzingo ulikuwa umegawanyika, nusu huku nusu kule, kwa hiyo urefu wa ule mstatili haukuwa themanini na nane bali arobaini na nne. Arobaini na nne mara kumi na nne, mia sita kumi na sita. Hiyo ilienea ndani ya mraba na vitambaa vya pembeni vikabaki.

"Nusu," alimwambia Mwalimu.

"Sasa," alisema Mwalimu, akafumba macho kama alivyofumba kila mwanafunzi wa mwisho darasani alipoelewa.

Kumbe alikuwa humo ndani. Fundi alisimama na vipande vya nguo mkononi akijua kwamba hili ni jambo kubwa, kwamba mke mwingine angepiga magoti. Alichosikia yeye ni kidogo tu, kama mlango uliofungwa nyumba ya tatu. Akavikusanya vipande, akarekodi upya. Safari hii alianza kwa kusema kwamba mara ya kwanza alikosea, akaonyesha alivyokosea, akaeleza habari ya mkasi usioongeza kitambaa, na kwamba aliyemsahihisha ni Mwalimu. Akalitoa.

Wengine waliandika kwamba wanataka mwalimu wa kweli, si fundi cherehani. Wengine walicheka sauti yake, wakasema inafaa kutangaza misiba. Aliyasoma yote. Mama wa Wawili aliandika: "Nimekata karatasi, nimeona mwenyewe. Mwambie Mwalimu namuombea apone." Fundi akamsomea mumewe maneno hayo kwa sauti, akaenda kupasha pasi.

Wifi alikuja wiki iliyofuata. Alikuwa ameliona somo kwa jirani yake, akaisikia sehemu ile ya "Mwalimu amenisahihisha", na jirani akamuuliza si mlisema hajitambui? Aliketi pembeni ya kitanda, akamshika kaka yake mkono wa kushoto. Habari ya kufuta hakuigusa tena. Alipoinuka aliangalia simu iliyofungwa rafuni kwa mpira.

"Itakuangukia kichwani siku moja," alisema. "Nionyeshe inashikwaje."

Basi ikawa Jumapili mchana wifi anapanda kigodani, Fundi anafundisha, na Mwalimu anasahihisha kwa kidole. Walitoa masomo kumi na manne. Mengine yalikuwa mazuri, mengine si kitu. Kila walichofundisha kilikuwa na kitambaa ndani yake: sehemu, uwiano, pembe, mchemraba. Walipoombwa somo la umeme Fundi alijibu kwamba umeme haujui na hatawadanganya watu. Maneno ya Mwalimu hayakurudi. Mkono wa kulia ulirudi kiasi cha kushika kijiko, basi. Mama wa Wawili alifanya mtihani wake, akaandika kwamba hisabati amepita, alama za mwisho mwisho lakini amepita. Wifi alishangilia mpaka akashuka kigodani. Fundi alisema ni vizuri sana, na aliona kabisa kwamba ni vizuri.

Ilikuwa asubuhi moja ya kawaida, mwaka wa pili wa ugonjwa, mwanafunzi alipoandika kuuliza Mwalimu alieleza wapi habari ya namba hasi kutoa namba hasi. Fundi hakukumbuka. Alihisi ni somo la arobaini na kitu, akalifungua la arobaini na moja, akalisikiliza huku anatia uzi sindanoni. Dakika ya sita ikasikika chafya kubwa, simu ikatikisika, ubao ukayumba kama meli. Mwalimu, mwenye sauti yake yote, akageuka kutoka ubaoni na kuiangalia simu, au tuseme, kumwangalia aliyekuwa nyuma yake.

"Mvumilieni anayenishikia simu," alisema. "Ana mafua tangu jana, na amekataa kupumzika. Bila yeye msingeniona."

Akageuka akaendelea na namba hasi.

Fundi alirudisha nyuma akasikiliza tena. Hakukumbuka yale mafua, wala hakukumbuka kuyasikia maneno hayo, ingawa ni yeye aliyekuwa amesimama pale. Akacheka, cheko fupi la puani, na lilipokwisha aligundua uso umelowa na kola ya gauni pia. Alijifuta kwa kipande cha kitambaa cha sare. Mwalimu alikuwa akimtazama kutoka kitandani.

Alipotulia akamjibu yule mwanafunzi: "Somo la arobaini na moja, baada ya dakika ya sita. Kuna chafya, usijali." Kisha akaangalia saa ya ukutani, ikamwambia saa mbili zimetimia tangu amgeuze, akainuka kumgeuza Mwalimu.